Kuzama Mara ya Pili: Uhakiki wa Simulizi Zamishi na Suala la Chanzo cha Mafuriko katika Mabonde ya Kinondoni na Temeke

Utangulizi

Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, wanadharia wa mawasiliano wamekuwa wakirudia dai moja kuhusu nguvu ya hadithi: kwamba mpokeaji aliyezama katika masimulizi hupunguza ubishi wake, hujinasibisha na wahusika, na hutoka humo akiwa na imani zinazokaribiana na zile za masimulizi yenyewe. Green na Brock (2000) walilipa dai hili vipimo, wakitumia sitiari ya safari: msomaji huchukuliwa kutoka katika ulimwengu wake na kupelekwa katika ulimwengu wa hadithi, na anaporejea si yule yule. Mwaka 2015 mtengenezaji wa filamu wa Marekani, Chris Milk, alilisukuma dai hilo mbali zaidi alipoinadi teknolojia ya uhalisia pepe kuwa ni mashine ya huruma isiyo na kifani. Wanaharakati wa tabianchi wamevutiwa na wazo hilo, na si vigumu kuona sababu. Takwimu za nyuzijoto hazimlizi mtu. Mtoto anayebebwa mabegani kuvuka maji humliza.

Uhakiki huu unakubali kwamba hadithi hubadili mitazamo. Unachokihoji ni dhana iliyojificha nyuma ya dai hilo, yaani kwamba mpokeaji yuko mbali na tukio, hivyo kazi ya hadithi ni kumsogeza. Katika kata za Tandale, Kigogo, Mzimuni na Hananasif wilayani Kinondoni, na katika Keko na Mtoni wilayani Temeke, mpokeaji hayuko mbali. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam, yalimkuta nyumbani. Ameinua kizingiti cha mlango kwa saruji, ameweka kitanda juu ya matofali, na anajua maji yalifika wapi ukutani. Simulizi inayomwingiza mtu huyu ndani ya mafuriko inampeleka mahali anapoishi.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa. Istilahi “simulizi zamishi” inatumika hapa kwa maana ya usimulizi wowote, uwe wa redio, jukwaa, filamu ya nyuzi 360 au ramani inayochorwa na wakazi, unaomweka mpokeaji ndani ya tukio badala ya kumwacha alitazame kutoka pembeni. Kwa msomaji wa kitaaluma, kuzama ni sitiari. Kwa mkazi wa ukingo wa Mto Msimbazi ni neno la masika. Hali kadhalika kuchukuliwa: hadithi humchukua msomaji, na mto humchukua jirani. Nadharia iliyotungwa kwa wasomaji waliokaa pakavu haiwezi kuhamishiwa bondeni kabla ya kuulizwa inatarajia kumfanyia nini mtu aliyekwisha kulowa.

“Tabianchi” na tatizo la chanzo

Mwaka 2010 BBC World Service Trust ilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 10 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kuhusu namna wananchi wanavyoyaelewa mabadiliko ya tabianchi. Washiriki walieleza kwa undani mabadiliko ya mvua, joto na mazao waliyoyashuhudia. Hata hivyo, wengi hawakuyahusisha na hewa ukaa inayotokana na nchi za viwanda. Waliyaeleza kwa mapenzi ya Mungu, au kwa makosa ya watu wa mahali palepale, hasa ukataji wa miti.

Matokeo haya yamezoeleka kusomwa kama upungufu wa elimu. Yanaweza kusomwa kwa namna nyingine. Yanaonesha kwamba mtazamo unaohitaji kuchunguzwa si kama watu wanaamini kuwa hali ya hewa imebadilika, kwa kuwa wanaamini, wala si kama wana wasiwasi, kwa kuwa wanao. Mtazamo wenye utata ni ule wa chanzo: nani amefanya nini hata maji haya yakafika hapa? Swali hili ni la kisimulizi kabla ya kuwa la kisayansi. Kila hadithi hupanga sababu na matokeo, na kila hadithi huchagua ianzie wapi.

Hata msamiati unashiriki katika uchaguzi huo. Neno “tabianchi” limetokana na “tabia ya nchi”, na limekaa vizuri katika nyaraka za serikali na vitabu vya kiada. Mtaani husikika zaidi “hali ya hewa imebadilika” au “mvua za siku hizi hazieleweki”. Tofauti si ya ufasaha tu. Katika Kiswahili cha kila siku “tabia” ni neno la maadili: mtu ana tabia njema au mbaya, na tabia hurekebishwa kwa kuonywa. Nayo “nchi” huweka mpaka. Msikilizaji anayelipokea neno hili bila maelezo ana haki ya kufikiri kwamba ni nchi yake iliyoharibika tabia, na kwamba walioiharibu ni raia wake. Hivi ndivyo hasa washiriki wengi wa utafiti wa 2010 walivyofikiri. Istilahi iliyokusudiwa kufafanua jambo la dunia nzima inaweza, bila mtu yeyote kukusudia, kulirudisha jambo hilo mlangoni kwa mkazi.

Mkwaju ahamia bondeni

Ili kuelewa hadithi za mazingira zinazosimuliwa mijini leo, ni lazima kurejea kwenye redio. Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ulitungwa kwa kufuata mbinu iliyoasisiwa na Miguel Sabido katika tamthilia za televisheni za Meksiko: mhusika mwema anayezawadiwa, mhusika mwovu anayeadhibiwa, na mhusika wa mpito anayeyumba kati yao na hatimaye kubadilika. Hadi 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha. Rogers na wenzake (1999) walibaini kuwa mchezo ulichangia kuongeza idadi ya waliokubali na kutumia uzazi wa mpango. Mhusika wake mashuhuri, Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi ambaye mwishowe anapata UKIMWI, alitoka redioni akaingia katika mazungumzo ya watu. Mwanamume mzinzi aliweza kuitwa Mkwaju, na kila mtu akaelewa.

Sijui kazi nyingine ya Kiswahili ya nusu karne hii ambayo kuzama kwa hadhira kumepimwa kwa makini kiasi hicho. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza ilifaulu kwa nini. Ufundi wa uigizaji una sehemu yake. Lakini kuna sharti ambalo sifa nyingi za mchezo huo hulipita haraka: badiliko lililotakiwa lilikuwa ndani ya uwezo wa msikilizaji, na kosa la mhusika mwovu lilikuwa kwa kweli ndicho chanzo cha madhara yake. Mkwaju anaugua kwa sababu ya alichofanya Mkwaju. Mnyororo wa sababu ni mfupi, una pingu moja au mbili, na wote unapita katika mwili wa mtu mmoja. Zahanati ilikuwepo. Msikilizaji aliyeguswa na kipindi aliweza kwenda.

Umbo hili limehamishiwa kwenye mazingira, na hapa ndipo tatizo linapoanza. Kichekesho cha mazingira, kama kinavyochezwa mashuleni na katika maadhimisho ya tarehe 5 Juni, kina wahusika walewale watatu. Mwema anafagia na kupanda mti. Mwovu anatupa taka mtaroni usiku, au amejenga bondeni baada ya kukatazwa. Wa mpito ni jirani anayejifunza baada ya mvua kubwa. Mafuriko huja kama UKIMWI ulivyomjia Mkwaju: ni mshahara wa tabia. Hadhira hucheka mahali panapostahili na kunyamaza mahali panapostahili, kwa kuwa mtaro ni ule ule wa nyuma ya nyumba na taka ni zile zile. Kwa vipimo vya Green na Brock, kuzama kumefanikiwa kabisa.

Je, hadithi hiyo ni ya uongo? Hapana, na uhakiki unaojibu ndiyo kwa haraka utakuwa umefanya kosa lile lile kwa kugeuza upande. Taka ngumu huziba mitaro. Jambo hilo halihitaji uthibitisho kwa anayeijua Tandale wakati wa masika. Kujenga katika njia ya maji ni hatari. Kwa upande wa anga, uchambuzi wa kundi la World Weather Attribution kuhusu mvua za Machi hadi Mei 2024 katika Afrika Mashariki ulipata kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza ukali wa mvua hizo kwa takribani asilimia 5 tu, na ukasisitiza nafasi ya ukuaji wa haraka wa miji. Mwandishi atakayeandika tamthilia ambamo moshi wa viwanda vya mbali ndio pekee unaoizamisha Kigogo atakuwa naye ametunga Mkwaju mwingine, mgeni safari hii.

Kasoro ya hadithi ya taka ni kwamba inaishia mapema. Taka zimo mtaroni, lakini kwa nini zimebaki mtaani? Gari la taka halipiti katika vichochoro ambavyo havikupimwa. Kwa nini havikupimwa? Mchanga uliojaza kitanda cha Msimbazi umeshuka kutoka miinuko ya Pugu na Kisarawe, ambako mkazi wa Mzimuni hajawahi kushika jembe. Mtu amejenga bondeni; alikuwa na uchaguzi gani mwingine wa kiwanja kilicho karibu na kazi kwa bei anayoiweza? Kila swali kati ya haya linaongeza pingu katika mnyororo, na kila pingu inahitaji mhusika: afisa, mwenye ardhi, mpangaji wa mji, mfadhili, msafirishaji wa mafuta. Umbo la Sabido halina nafasi kwao. Linahitaji mwovu aliye karibu, anayeweza kuadhibiwa kabla kipindi hakijaisha.

Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua zilizoambatana na El Niño. Katika kueleza sababu za madhara hayo aliutaja uharibifu wa mazingira: ukataji wa misitu, kilimo cha kuchoma mashamba, ufugaji usiodhibitiwa. Hakuna hata moja katika hayo lisilo la kweli. Hata hivyo, kwa kuisikiliza orodha hiyo kama masimulizi, mhakiki anagundua kuwa watendaji wake wote ni watu maskini: mkata mkaa, mkulima, mfugaji. Tanzania huchangia chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa ya dunia, na katika orodha hiyo mchafuzi mkubwa hana jina wala kitenzi. Hilo si kosa la hotuba moja. Ni kanuni ya utanzu uliozoeleka, ambao wasemaji na wasikilizaji wameurithi pamoja.

Usafi nao una jukwaa lake. Desemba 9, 2015, wakati kipindupindu kikiendelea kulisumbua jiji, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na badala yake nchi nzima ikaingia mitaroni na mafagio. Kama tendo la kiuigizaji lilikuwa na nguvu ambayo mtunzi yeyote angeitamani, kwa kuwa halikuwa na watazamaji. Wote walikuwa waigizaji. Liliimarisha pia ule mpango wa sababu: uchafu ni wetu, na fagio ni letu.

Miwani, na nani anayeivaa

Kuhusu uhalisia pepe inatosha kusema machache. Filamu ya Clouds Over Sidra (2015), iliyoiweka kambi ya wakimbizi ya Zaatari machoni mwa watazamaji wa Davos, ndiyo iliyoweka kielelezo: tukio ni la maskini, miwani ni ya mwenye uamuzi. Paul Bloom (2016) amekosoa imani kwamba huruma ya namna hiyo huongoza kwenye maamuzi ya haki, na hoja yake haina haja ya kurudiwa hapa. La kuongeza kutoka katika fasihi yetu ni hili. Mulokozi (1989) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, tungo, hadhira, tukio, mahali na wakati. Ukilitumia fafanuzi hilo kwa filamu ya nyuzi 360 iliyopigwa bondeni na kuoneshwa katika ukumbi wa mkutano, utaona kwamba mahali pamegawanyika mara mbili, na hadhira imetenganishwa na wale inaowatazama kwa namna ambayo fanani wa jadi asingeweza kuivumilia. Anayesema “hadithi njoo” lazima awepo ili aweze kukataa isije. Mkazi aliyepigwa picha hana nafasi ya kumkatiza msimulizi na kusema kwamba haikuwa hivyo.

Malya, Ramani Huria na alama ya X

Kukatizwa kwa msimulizi kuna historia ndefu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walipokwenda Malya mwaka 1982–83, walikusudia sanaa za maonyesho zinazoanza na wanakijiji kutafiti matatizo yao wenyewe, kuyachambua, kuyatungia igizo kwa kutumia ngoma na vichekesho vyao, na baada ya onyesho kukaa kujadili la kufanya. Mlama (1991) anasisitiza kwamba tofauti kati ya njia hii na michezo ya kampeni haiko katika mada. Iko katika nani anayechambua. Kampeni huja na chanzo kikiwa kimekwisha kuamuliwa, ikatafuta igizo la kukibeba. Malya ilianza na tatizo, na kuwaachia watu kazi ya kufuatilia chanzo hadi pale watakapofika, hata kama ni penye ofisi ya mtu.

Kwa mtazamo huu, kazi ya kisimulizi iliyo karibu zaidi na Malya katika Dar es Salaam ya karne hii haikuitwa sanaa na yeyote. Ramani Huria ilianza mwaka 2015, ikiwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na Msalaba Mwekundu. Nyumba, mitaro, vichochoro na madaraja ya mbao ambayo hayakuwa katika ramani yoyote ya serikali yaliwekwa katika ramani ya wazi ya intaneti. Namna mojawapo ya kupata taarifa ilikuwa kumuuliza mkazi maji yalifika wapi. Anaposimama, akaweka kiganja chake ukutani na kueleza ni mwaka gani na yalipitia upande upi, anasimulia. Zaidi ya hapo, anasimulia kwa kufuata njia ya maji, na njia ya maji haikubali kuanzia mlangoni kwake. Inamlazimisha aliyeshika kalamu kupanda juu: kwenye kalvati lililo dogo, kwenye ukuta uliojengwa kuvuka mkondo, kwenye barabara iliyoinuliwa bila mtaro. Umbo la usimulizi limeurefusha mnyororo bila kumhubiria mtu.

Lakini ramani haimalizi safari yake mkononi mwa aliyeisimulia. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wanakumbuka utanzu mwingine wa maandishi ukutani. Baada ya mafuriko ya 2011, kaya zilihamishiwa Mabwepande, takribani kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na baadhi zilirudi kwa kuwa riziki ilibaki mjini. Kati ya Desemba 2015 na Januari 2016, nyumba za bondeni zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha zikabomolewa. X hiyo ni hadithi fupi kuliko zote: mhusika mmoja, kosa moja, adhabu moja. Mtu aliyekwisha kuisoma ukutani kwake ana sababu ya kusita anapoulizwa maji yalifika wapi, kwa kuwa jibu lake la kweli laweza kuwa ndilo litakalomwondoa. Mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200, unahusisha kuwahamisha kwa fidia wakazi wa bonde la chini. Kiganja kilekile ukutani kinaweza kuwa ushahidi wa kudai mtaro au ushahidi wa kufuta mtaa. Hakuna ufundi wa usimulizi unaoweza kuamua kitakuwa kipi. Hilo huamuliwa na nani anabaki chumbani wakati ramani inapofasiriwa.

Suala hili lina athari ya moja kwa moja kwa namna tunavyopima mitazamo katika tasnifu zetu. Mtafiti anayetaka kujua kama igizo limebadili mtazamo wa hadhira ya Temeke atatunga hojaji, na katika hojaji hiyo huenda ikawemo kauli ya aina hii: “Mafuriko katika mtaa wetu husababishwa na sisi wenyewe kutupa taka ovyo.” Anayekubali kabisa anapewa alama 5, anayekataa kabisa, alama 1. Baada ya igizo wastani unapanda, na mtafiti anaandika kwamba uelewa wa mabadiliko ya tabianchi umeongezeka. Kilichopanda ni kukiri kosa. Mkazi aliyejibu 2, kwa kuwa anajua kalvati la barabarani ni dogo na mchanga unatoka Pugu, amehesabiwa miongoni mwa wasioelimika, ilhali maelezo yake ya chanzo ni marefu kuliko ya igizo lililokuja kumfundisha. Swali lililo wazi, linalomtaka mhojiwa asimulie maji yalikotoka hatua kwa hatua na kutaja kila aliyehusika, lingempa mtafiti kitu cha kuhesabu kilicho bora zaidi: ni wahusika wangapi walikuwemo katika simulizi kabla ya onyesho, na wangapi wamebaki baada yake.